Bingwa wa Sataranji Aliyebaki Ng'ambo Vita Ilipoanza

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili. Tumeifupisha kidogo kwa ajili ya jarida hili. – Mhariri



Nimeombwa nizungumze juu ya watu wanaofika kwetu wakikimbia vita, na namna tunavyowapokea. Nadhani waandaaji walitegemea nije na takwimu na majedwali. Mtaniwia radhi, kwa maana nimekuja na mtu mmoja tu. Alikuwa mchezaji wa sataranji, mchezo ambao vijana wetu siku hizi wanauita chesi. Jina lake Miguel Najdorf. Asiyeujua mchezo huo asiwe na hofu. Mwenye kujua drafti atanielewa, na mwenye kujua bao atanielewa zaidi.

Najdorf alizaliwa tarehe 15 Aprili 1910 katika mji mdogo wa Grodzisk Mazowiecki, karibu na Warsaw, mji mkuu wa Poland. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi. Huko kwao alijulikana kwa jina la Mieczysław. Hilo la Miguel alilipata baadaye, na ndiyo habari yenyewe ninayotaka kuisimulia. Warsaw ya miaka ile ilikuwa na Wayahudi wengi, karibu theluthi moja ya wakazi wote wa mji, na katika migahawa yake watu walicheza sataranji mchana na usiku. Kijana huyu alikulia katika hali hiyo. Mmoja wa walimu wake alikuwa Savielly Tartakower, bingwa mkubwa wa wakati ule, na Najdorf alimwita mwalimu wangu hadi uzeeni. Alipofika umri wa miaka 29 alikuwa ameoa, ana mtoto wa kike, na anahesabiwa miongoni mwa wachezaji wazuri wa taifa lake.

Mwaka 1939 mashindano ya timu za mataifa, yaani Olimpiadi ya sataranji, yalipangwa kufanyika Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina. Ilikuwa mara ya kwanza kufanyika nje ya Ulaya. Timu nyingi za Ulaya zilipanda meli moja ya Kibelgiji iliyoitwa Piriápolis katika bandari ya Antwerp, zikasafiri baharini kwa wiki tatu hivi. Hebu fikirini meli hiyo. Wajerumani wamo, Wapoland wamo, Wafaransa wamo, Wayahudi kutoka Palestina wamo. Wanakula meza moja na kucheza pamoja ili safari ipungue urefu. Poland ilileta wachezaji watano: Tartakower, Najdorf, Paulino Frydman, Teodor Regedziński na Franciszek Sulik. Walitazamia kuwa nyumbani baada ya miezi miwili au mitatu. Najdorf aliwaacha mkewe na binti yake Poland, kama mtu yeyote anayeaga kwa safari ya kikazi.

Michezo ya mwanzo ilikuwa inaendelea pale Ujerumani ilipoivamia Poland, tarehe 1 Septemba 1939. Siku mbili baadaye Uingereza na Ufaransa zikaingia vitani.

Timu ya Uingereza ilifunga mizigo na kurudi kwao, ingawa ilikuwa imeshafuzu kuingia fainali. Wengine walibaki wakacheza, lakini haikuwezekana kuendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Timu ya Ujerumani na timu ya Poland hazikukaa mezani kabisa. Ilikubaliwa waandikiwe sare ya pointi mbili kwa mbili, bila kusogeza hata kete moja. Ikawa hivyo hivyo kwa Ujerumani na Ufaransa, na kwa Ujerumani na Palestina. Mwisho wa yote Ujerumani ilishika nafasi ya kwanza kwa pointi 36, Poland ya pili kwa pointi 35 na nusu. Nusu pointi tu! Wakati matokeo yanatangazwa, majeshi ya Ujerumani yalikuwa yameizingira Warsaw.

Sasa kila mchezaji alikuwa na uamuzi wa kufanya, na naomba tukae hapa kidogo, maana ndipo penye uzito.

Tartakower, mtu wa miaka 52, alirudi Ulaya na baadaye akajiunga na majeshi ya Wafaransa huru chini ya Jenerali de Gaulle. Regedziński naye alirudi Poland. Vera Menchik, ambaye katika siku zile zile pale Buenos Aires alitwaa tena ubingwa wa dunia wa wanawake, alirejea London, na mwezi Juni 1944 aliuawa na bomu la Kijerumani lililoangukia nyumba yake. Wengine zaidi ya ishirini hawakurudi. Walimokuwamo Wayahudi ambao kurudi kwao kulikuwa ni kwenda kufa, na pia watu ambao hawakuwa tayari kumpigania Hitler. Timu yote ya Ujerumani, wachezaji wote watano, ilibaki Amerika ya Kusini. Watu wengi hulisahau hilo wanaposimulia habari hii.

Najdorf alibaki. Hakuwa na fedha, hakujua Kihispania, na barua kutoka nyumbani zilikoma.

Ndugu zangu, tunapompokea mtu aliyekimbia vita huwa tunakuwa na fomu. Tunaandika idadi ya watu, umri, magonjwa, mablanketi, masufuria. Fomu hizo ni za lazima, sizidharau. Bila hizo mfadhili hawezi kujua fedha yake imekwenda wapi. Lakini ni mara chache sana nimeona fomu yenye mstari wa kuuliza: huyu mtu anajua kufanya nini? Wenyeji wa Argentina hawakuwa na fomu kabisa, ila swali hilo lilijibiwa lenyewe, kwa sababu nchi ile ilipenda sataranji. Klabu zilikuwepo. Magazeti yaliandika habari za mchezo. Kuanzia mwaka 1941 mashindano yalifanyika kila mwaka katika mji wa pwani wa Mar del Plata, na mabingwa waliokwama walipata mahali pa kucheza na kulipwa kidogo. Frydman, yule mwenzake Najdorf katika timu, alipewa ukumbi wa sataranji auendeshe katika mgahawa wa Rex pale Buenos Aires. Na huyu Frydman, mkimbizi mwenyewe, alimsaidia mkimbizi mwingine: mwandishi wa Kipoland, Witold Gombrowicz, ambaye naye alifika kwa meli Agosti 1939 akakwama vivyo hivyo. Gombrowicz alikuwa maskini hasa. Katika ukumbi ule alipata pa kukaa, wa kucheza naye, na marafiki, baadhi yao wakaja kumsaidia kutafsiri kitabu chake kwa Kihispania. Ninaposikia watu wakisema wakimbizi ni mzigo, humkumbuka Frydman na meza zake.

Najdorf kwa upande wake hakutegemea sataranji peke yake. Aliingia katika biashara ya bima, na kadiri miaka ilivyokwenda akawa mtu mwenye uwezo. Hili nalitaja makusudi. Watu humjua kwa michezo yake, lakini kilicholisha nyumba yake kwa sehemu kubwa ni kuuza bima, kazi inayohitaji kubisha hodi na kuzungumza na watu, tena kwa lugha aliyoanza kujifunza ukubwani. Mwaka 1944 alipata uraia wa Argentina.

Lakini nimeruka mwaka mmoja, nao ni mwaka wa muhimu kuliko yote.

Mwezi Oktoba 1943, katika mji wa Rosario, Najdorf alitangaza kwamba atacheza na watu 40 kwa wakati mmoja, bila kuangalia ubao hata mmoja. Niwaeleze maana yake. Ubao wa sataranji una miraba 64. Kila mchezo unaanza na kete 32. Mchezaji wa namna hii huketi mbali na meza, hana ubao wala karatasi. Msaidizi anamwambia: ubao wa kwanza, mpinzani wako amesogeza farasi wake hapa. Yeye anafikiri, anajibu, wanahamia ubao wa pili, wa tatu, mpaka wa 40, kisha wanarudi wa kwanza. Picha zote 40 zimo kichwani mwake, na kila moja inabadilika kila raundi. Hapa sina budi kusema kwamba mimi nikicheza drafti moja tu, ubao uko mbele yangu, bado huuliza: hivi zamu ya nani?

Ilichukua zaidi ya saa 17. Alishinda michezo 36, akatoa sare mmoja, akapoteza mitatu. Ilikuwa rekodi mpya ya dunia.

Kwa nini alijitesa hivyo? Alieleza mwenyewe baadaye, mara nyingi. Hakutafuta sifa. Alijua kuwa jambo la ajabu kama lile lingeandikwa magazetini, na alitumaini kwamba habari itavuka bahari, ifike Ujerumani, ifike Poland, na pengine mtu wa familia yake, mahali fulani, asome jina la Najdorf na kujua kwamba yu hai na yuko Argentina. Ilikuwa ni barua. Hakuwa na anwani ya kuipeleka, kwa hiyo aliipeleka kwa dunia nzima.

Hakuna aliyejibu.

Leo tunajua yale ambayo yeye hakuweza kuyajua usiku ule. Kuanzia Julai 1942 Wayahudi wa Warsaw walikuwa wakisombwa kwa treni kupelekwa kambi ya mauaji ya Treblinka. Mtaa wao uliozungushiwa ukuta ulivunjwa na kuchomwa Mei 1943. Yeye alikaa kwenye kiti chake Rosario miezi mitano baadaye. Vita ilipokwisha aliambiwa kwamba mke wake, binti yake, wazazi wake na ndugu zake wote wameuawa.

Sikusudii kuongeza neno juu ya hilo. Baadhi yenu mmekaa na watu waliopokea habari za aina hiyo, na mnajua kwamba hakuna cha kuongeza.

Mwaka 1947 alioa tena huko Argentina, na baadaye wakajaliwa mabinti wawili. Mwezi Januari mwaka huo huo, mjini São Paulo, Brazil, alirudia ule mchezo wa bila kuangalia, safari hii dhidi ya watu 45. Alicheza kwa zaidi ya saa 23 mfululizo. Alishinda 39, sare nne, akapoteza miwili. Wapo wachezaji wengine waliodai baadaye kuzidi idadi hiyo, lakini namna walivyocheza ilibishaniwa. Wengi wa wanaofuatilia mambo haya waliendelea kuihesabu rekodi ya Najdorf hadi mwaka 2011, Mjerumani Marc Lang alipocheza mbao 46.

Kama mchezaji wa kawaida, wa kukaa mezani mtu na mtu, Najdorf alifika mbali sana. Mwaka 1946 huko Groningen, Uholanzi, alimfunga Mikhail Botvinnik, ambaye miaka miwili baadaye akawa bingwa wa dunia. Yeye mwenyewe hakualikwa katika mashindano ya 1948 yaliyomtoa bingwa huyo, na kwa maoni yangu hakutendewa haki. Shirikisho la dunia lilipoanza kutoa rasmi cheo cha Grandmasta mwaka 1950, alikuwamo katika kundi la kwanza. Bingwa wa dunia hakuwa kamwe. Jina lake lilibaki kwa jambo dogo zaidi kwa macho: hatua moja ya askari wa pembeni, mwanzoni mwa mchezo, kwa mwenye kete nyeusi. Ukiitazama unaona kama mtu amekosa la kufanya. Hatua hiyo inamzuia mpinzani asiweke kete zake mahali fulani, inafungua njia ya kushambulia baadaye, na dunia nzima inaiita Najdorf. Bobby Fischer na Garry Kasparov, mabingwa wa dunia, waliitumia miaka mingi.

Tena alikuwa mtu wa watu. Alizungumza na kila mmoja, hata wakati wa mchezo, jambo lililowaudhi wapinzani. Mwaka 1962 huko Havana alicheza na watu kadhaa kwa pamoja, mmoja wao akiwa waziri wa viwanda wa Cuba, Che Guevara, mzaliwa wa Argentina, wakatoka sare. Mwaka 1970, akikaribia kutimiza miaka 60, aliitwa kuunda timu ya dunia dhidi ya Umoja wa Kisovyeti mjini Belgrade, akapangwa na Mikhail Tal, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia na mdogo wake kwa zaidi ya miaka 26. Michezo minne, pointi mbili kwa mbili.

Lakini kama mtaondoka hapa na kumbukumbu moja tu, naomba iwe hii ya Helsinki, 1952. Argentina ilipeleka timu yake kwenye Olimpiadi na kupata nafasi ya pili, nyuma ya Umoja wa Kisovyeti. Ubao wa kwanza alikaa Miguel Najdorf. Katika timu hiyo hiyo alikuwamo Erich Eliskases. Eliskases alikuwa mzaliwa wa Austria, na mwaka 1939 ndiye aliyeongoza timu ya Ujerumani pale Buenos Aires, ile timu ambayo haikukaa meza moja na Wapoland. Baada ya miaka 13, Myahudi aliyepoteza familia nzima na mtu aliyewahi kucheza chini ya bendera ya Hitler walivaa beji ya nchi moja, nchi ambayo haikuwa ya kuzaliwa kwa yeyote kati yao. Sijui kama upatanisho ndilo jina lake. Huenda walikuwa tu ni watu wawili wenye kazi ya kufanya pamoja. Katika vijiji vyetu vilivyopokea watu kutoka pande mbili za vita moja, mara nyingi mambo huanzia hapo hapo: kisima kinachimbwa, na wa kuchimba ni hao wawili.

Nina wasiwasi mmoja na habari ya namna hii, na ni heri niuseme mbele ya wafadhili wetu kuliko kuuficha. Sisi wa mashirika tunapenda sana kusimulia mkimbizi mwenye kipaji. Picha yake inawekwa ukurasa wa mbele wa jarida, na michango inaongezeka. Polepole tunaanza kuamini kwamba anayestahili kupokewa ni yule atakayetuletea medali. Najdorf alipona kwa sababu alikuwa katika mashindano ng'ambo ya bahari, na kilichomfikisha huko ni kipaji chake. Mke wake na binti yake hawakuwa katika timu yoyote. Walistahili kupona sawa na yeye.

Na hapa habari hii ya mbali inafika kwetu. Wakati Najdorf anahangaika Argentina, Wapoland wengine maelfu waliletwa Afrika Mashariki. Walikuwa raia waliohamishwa kwa nguvu na serikali ya Kisovyeti, kisha wakatolewa kupitia Iran. Wengi wao akina mama na watoto. Kuanzia mwaka 1942 waliwekwa katika makambi Uganda, kama Masindi na Koja, na hapa Tanganyika kambi kubwa ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, iliyokuwa na watu wapatao 5,000. Walilima, walifungua shule, walijenga kanisa. Wengi waliondoka baada ya vita, wachache walizeekea pale pale, na makaburi yao yapo Tengeru hadi leo, yanatunzwa. Miongoni mwao hakuna mwenye jina lililopewa mchezo wa aina yoyote. Walipikiwa uji, watoto wakasoma, mama zao wakashona nguo.

Kwa hiyo ninapoomba kamati zetu ziongeze ule mstari kwenye fomu, wa kuuliza mtu anajua kufanya nini, siombi tuwachuje watu. Mstari huo uje baada ya blanketi na baada ya chakula, mtu akiwa ameshapokewa. Mshonaji apate cherehani, mwalimu apate darasa hata chini ya mti, fundi baiskeli apewe spana. Gharama yake ni ndogo, na katibu akirudi kukagua baada ya miezi sita atakuwa na kitu cha kuandika.

Najdorf alifariki Julai 1997 huko Málaga, Hispania, akiwa na miaka 87. Mpaka uzeeni aliendelea kucheza kila alipopata wa kukaa naye mezani.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Maswali tutayachukua baada ya chai, na mhasibu ataanza na taarifa ya robo mwaka.